Profesa Aliyeng'oa Geti Lake

Hapana, halikuibiwa. Nani kawaambia liliibiwa?

Alilitoa mwenyewe. Kwa spana, saa nne asubuhi, jua linawaka, mtaa mzima tunamtazama.

Nimeona mnabishana humu mtandaoni kuhusu ile nyumba isiyo na geti, hapa kwetu Madale, ukipanda kilima. Mmoja kaandika mwenye nyumba alikuwa mganga. Mwingine kasema Profesa alichanganyikiwa baada ya kufiwa na mkewe.

Hakuchanganyikiwa. Na lile geti nililichomelea mie kwa mikono hii. Sasa nani awaambie kama si mie?

Naitwa Kasimiri Komba. Nina darasa la nne, tena lenyewe nilitoka katikati, kwa hiyo msinifuate na kalamu nyekundu. Nasema, mjukuu wangu Asifiwe anachapa. Nimemkataza asininyooshee maneno.

Haya.

Profesa Adelard Mtavangu alikuwa mtunzi. Mashairi aliyaanza kijana, kwao Iringa, anayatuma redioni, yakisomwa mama yake anaita majirani waje wasikilize.

Akawa mwalimu. Akaandika tamthilia, zile za watu kucheza jukwaani. Akasoma, akasoma, mpaka wakampa uprofesa, akawa anafundisha fasihi chuo kikuu.

Vitabu kumi na kimoja. Watoto wa sekondari wanalitaja jina lake kama wanavyotaja jina la mto.

Mie hayo yote sikuyajua. Mie nilimjua kwa geti.

Alikuja bandani kwangu mwaka ule alipohamia kutoka Kimara, mwaka elfu mbili na nne. Kaptula, kandambili, daftari kwapani. Mie nikajua ni karani wa ofisi fulani.

"Fundi, wewe mtu wa wapi?"

"Songea. Mngoni."

Akanitazama juu mpaka chini. "Ala. Mkimbizi. Wenzako walipotoka kule kusini walikuacha njiani ukiokota kuni?"

Nikajua papo hapo. "Na wewe Mhehe. Subiri nimfungie mbwa wangu ndani, nisije nikamkosa."

Alicheka mpaka daftari likadondoka.

Kwa wasiojua: Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana wakachoshana, wakaona bora watukanane: wao wanatuita wakimbizi maana tulitoka Afrika Kusini, sisi tunawaambia wanakula mbwa. Mtani wako anakutusi, unacheka. Anakuja msibani kwako anakuvuruga, unacheka. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye mkosaji.

Shikeni hilo, maana ndilo lililotumaliza.

Basi tukawa marafiki. Kila siku jioni anavuka barabara anakuja bandani. Anakaa kwenye bomba la chuma, ananisomea alichoandika. Mie nasikiliza.

"Huyu mama hawezi kusema hivi," namwambia.

"Kwa nini?"

"Kafiwa. Aliyefiwa hasemi maneno marefu."

Anafuta. Profesa mzima anafuta kwa sababu ya mtu anayesoma gazeti kwa kidole. Wangapi mnaweza hilo?

Sasa upande wa pili alikuwepo mkewe, mama Tekla.

Tekla alikuwa mwanamke wa shoka, na alimpenda yule bwana kupita maelezo. Nasikia kule Kimara walipanga vyumba viwili, ndugu saba ndani, na Profesa akiandika usiku anakatizwa, anakaa analia kama mtoto. Tekla akajiapiza: siku tukipata kwetu, huyu mtu hatasumbuliwa tena.

Wakapata kwao. Wakaweka geti.

Basi kila anayegonga, Tekla anatoka. Anafungua kidogo, uso tu unaonekana.

"Profesa anaandika. Rudi Jumapili."

Mwanafunzi: anaandika. Balozi wa nyumba kumi: anaandika. Wanakwaya: anaandika. Mie mwenyewe nilipeleka ndizi, nikaambiwa anaandika, nikarudi na ndizi zangu.

Mtaa ukasema Profesa anajidai. Mie sikusema kitu. Nilijua ndiyo amri ya mwenye nyumba.

Siku moja bandani akaniambia, "Mkimbizi, wewe hapa hapakauki watu. Mie kwangu hata kuku wa jirani haingii. Watu wa Dar wana nini na mie?"

Nikadhani ananitania. Nikamjibu utani.

Mungu anisamehe, nilimjibu utani.

Mwaka elfu mbili na kumi na mbili akatoa tamthilia iliyompa jina kuliko zote. Inaitwa Kaka Alipita.

Inahusu mtu na kaka yake. Kaka anatoka bara, mgonjwa, anakuja mjini kutibiwa. Wiki tatu yuko mjini. Anapita karibu na nyumba ya mdogo wake, haingii, anarudi kwao anakufa bila kuaga. Yule mdogo anabaki anauliza: nilikukosea nini, mbona umenipita kama mti?

Ilichezwa kila mahali. Ikaingia mashuleni. Watoto wakaijibia mtihani nchi nzima: "Eleza ugumu wa moyo wa kaka."

Ilikuwa habari yake mwenyewe. Kaka yake, Erasmus, alifanya hivyo hivyo miaka mitatu nyuma. Profesa alisikia msibani, kwa watu, kwamba Erasmus alikuwa Dar wiki tatu na hakukanyaga kwake. Hakuuliza. Likamkaa kifuani, akalitoa kwa kuandika.

Siku ya kwanza kuchezwa, mie nilikuwepo, nimevaa koti la kuazima. Tekla alikaa mstari wa mbele. Watu wanalia ukumbi mzima, yeye ametulia tu, mikono mapajani. Nikasema huyu mama ana moyo.

Twende mbele.

Mwaka jana mwezi wa tatu Tekla akafariki. Presha. Asubuhi yupo, mchana hayupo.

Msiba ukawa mkubwa. Wahehe wamekuja mabasi mawili, wanafunzi wa zamani, walimu, watu wa kanisani. Geti lile siku hiyo likafunguliwa pande zote mbili, na mtaa kwa mara ya kwanza ukaingia ndani.

Na mie mtani nina kazi yangu. Mtani msibani anamuigiza marehemu, watu wacheke, moyo upate pa kupumulia.

Nikachukua kitenge cha Tekla, nikajifunga. Nikafunga kilemba. Nikaenda kusimama getini, nikatoa uso tu.

"Hodi," mtu mmoja akaitikia mchezo.

"Profesa anaandika. Rudi Jumapili."

Watu wakapasuka.

Wakajipanga foleni wenyewe. "Mie mwanafunzi wake." Anaandika. "Mie wa kanisani." Anaandika. "Nyumba yenu inaungua." Anaandika, rudini Jumapili mzime. Katekista alishika mbavu. Kila mtu alicheka kwa sababu kila mtu alishawahi kurudishwa pale.

Nikamtupia jicho Profesa. Amekaa kwenye mkeka, hacheki. Anatazama foleni, mmoja mmoja, kama anahesabu.

Hapo ningeacha. Ningekuwa na akili ningeacha.

Akaja mwanamke mmoja kwenye foleni, mtu mzima, khanga mbili nyeusi. Nilimfahamu kwa jina tu: Sesilia, mjane wa Erasmus, ametoka Iringa. Anacheka, lakini machozi yanatoka.

"Hodi shemeji," anasema. "Tumekuja na mume wangu. Anaumwa. Ametoka hospitali, anataka kumwona mdogo wake."

Na mie maneno yakanitoka, kwa sauti ile ile ya Tekla:

"Karibuni shemeji, ila anaandika. Akikatizwa anaugua. Njooni Jumapili."

Sesilia akaacha kucheka.

Maana hayo ndiyo maneno yenyewe. Nami nikayatambua yakiwa yameshatoka. Sikuyatunga. Niliyasikia.

Miaka mingi nyuma, mchana mmoja, umeme umekatika, mashine yangu kimya. Mwanamme mmoja mgonjwa na mkewe walifika geti lile. Nikasikia jibu la Tekla neno kwa neno. Hiyo "shemeji" nikadhani ni ndugu wa ukoo tu, kama wengi waliorudishwa pale. Geti likafungwa, yule bwana akaishiwa nguvu, akakaa chini juani. Nikampelekea kigoda na maji. Walikaa kama saa mbili ndipo wakaondoka. Sikuuliza jina. Mgonjwa humuulizi jina.

Kumbe ndiye kaka.

Kaka hakupita. Kaka alikuja.

Kicheko kilikufa kuanzia mbele mpaka nyuma. Nikavua kile kilemba polepole. Profesa akainuka, akaingia ndani, akakaa humo mpaka mazishi yalipoanza.

Sasa fikirini. Mkewe yuko kwenye jeneza, na Profesa ndiyo kwanza amejua alimficha nini. Kaka yake yuko kaburini, naye amemsema ubaya nchi nzima. Na aliyemwambia ni mie, nimevaa kitenge, watu wanacheka.

Siku ya tatu, matanga yameanuliwa, ndipo akatoka na spana.

Akafungua bawaba moja baada ya nyingine. Nikataka kwenda kumsaidia, nikaishia mlangoni mwa banda. Geti likaanguka, vumbi likatimka. Akaliburuta akaliegemeza ukutani kwa nje, limetazama banda langu.

Akarudi ndani. Hakuniambia neno.

Nikaelewa. Kanirudishia kazi yangu. Kanitemea.

Tungekuwa si watani, angenitukana tukamaliza. Lakini mtani hakasirikiwi. Atakuja kuniambia nini? Na mie nitamwomba msamaha wa nini? Utani hauombewi msamaha. Hasira ikikosa mlango inakaa ndani kama moshi.

Kesho yake tukakutana barabarani.

"Habari za asubuhi, Mzee Komba," akasema.

Mzee Komba. Miaka ishirini naitwa mkimbizi, leo Mzee Komba, na adabu juu. Nilifika bandani nikakaa chini.

Miezi saba ikaenda hivyo. Yeye yuko kwenye kibaraza chake, nyumba wazi, mie niko bandani. Kati yetu hatua arobaini, nimezihesabu. Namwona ameinama, sioni anachofanya; mtaani wanasema ameacha kuandika. Halafu ananyanyua kichwa, anatazama huku kwangu. Mie naweka kioo cha kuchomelea usoni, najifanya nina kazi.

Watu wakaanza kuingia mle. Wanafunzi, wanakwaya, watoto wa jirani. Sesilia akahamia kabisa, na wajukuu. Kila mtu anaingia kasoro mie.

Mke wangu Genoveva akasema, "Baba Asumta, nenda."

"Hajaniita."

"Pale pana geti la kugonga? Nenda tu."

"Mtu kanirudishia kazi yangu, nimfuate?"

"Nyie wanaume mkizeeka mnakuwa kama chuma cha stoo. Kutu tu." Akaenda zake jikoni.

Mwezi wa kumi, Jumamosi, Clara akaja bandani. Clara ni binti wa Profesa, mkubwa, anakaa Mbweni. Macho mekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Baba kapata kiharusi wiki mbili zilizopita. Jana tumemrudisha nyumbani. Upande wa kulia umekufa. Maneno hayatoki."

Nilikuwa nimeiona gari inamchukua, nilijiambia anakwenda kupima sukari.

"Kakuagiza uniite?"

"Mzee, hawezi kuagiza. Nimekuja mwenyewe."

Nikavuka. Hatua arobaini. Nilipofika palipokuwa na geti nikasimama kama mjinga, nikanyoosha mkono kugonga hewa. Clara akanishika kiwiko tukaingia.

Amekaa sebuleni, mto mgongoni, mdomo umekwenda upande. Mtu aliyekuwa na maneno kuliko watu wote niliowahi kuwajua.

Akaniona. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti tu, kama mtu anavuta kitu kizito matopeni. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, jasho linamtoka, halafu akanyamaza, akatazama pembeni.

Nimekuja kusikia kitu kimoja tu, kama nilimuulia kalamu yake au sikumuulia. Na mwenye jibu hana mdomo.

"Aliacha kuandika kwa ajili yangu," nikamwambia Clara. "Ule mchezo wangu wa msibani."

Clara akanitazama kama hajanielewa. "Aliacha? Nani kaacha? Mzee, baba hajawahi kuandika kama mwaka huu."

Akaingia chumbani, akatoka na boksi. Ndani bahasha. Hazijatumwa.

"Ameandika barua mia mbili na kumi na saba. Kwa mkono, moja moja. Mie nilimwambia baba, nikuchapie, tutoe kopi. Akakataa, akasema kosa nililifanya kwa mkono. Anaandikia kila shule anayojua inafundisha Kaka Alipita. Hizi ndizo zilizobaki."

"Anawaandikia nini?"

"Zote ni moja. Nikusomee?"

Akasoma. Nimeishika kichwani, maana niliomba arudie mara tatu.

"Mwalimu mwenzangu, salamu. Katika tamthilia yangu niliandika kwamba kaka alipita asiingie. Si kweli. Kaka alikuja. Alikaa getini kwangu, juani, akiwa mgonjwa, akaambiwa naandika. Na kweli nilikuwa naandika. Usimlaumu mke wangu. Mimi nilipenda ule ukimya, sikuuliza unatoka wapi. Waambie wanafunzi wako. Shahidi wangu ni mtani wangu Kasimiri Komba, fundi wa kuchomelea, Madale. Yeye alimpa kaka yangu kigoda na maji, siku ambayo mimi sikumpa kitu."

Nikamwambia soma tena hapo kwenye jina.

Akasoma tena.

Jina langu. Mara mia mbili na kumi na saba. Shule za Mbeya, za Kagera, za Mtwara. Mtu wa darasa la nne.

"Na lile geti?" nikauliza.

Akajibu Sesilia, ametokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Aliniambia, shemeji, silitaki tena. Watu waingie. Nikamwambia mwite basi yule fundi wako. Akasema hapana, mie nimewafukuza watu miaka yote hiyo, sina haki ya kumwita mtu. Atakayetaka ataingia. Kila jioni ananiuliza, Mngoni kapita? Namwambia yupo bandani. Anasema haya."

Haya. Ndiyo hivyo tu.

"Na ile ya 'Mzee Komba'?"

"Aliona aibu, nilipomweleza ya kigoda na maji," Sesilia akasema. "Mtu akimpa maji ndugu yako, utamwita mkimbizi?"

Clara akasema walimu wachache walijibu. Mmoja, wa kike, aliandika vizuri sana: kwamba amewasomea wanafunzi barua, wakalia, lakini kwenye mtihani amewashauri wajibu vile vile vya zamani, kaka ana moyo mgumu, maana ndivyo wanavyosahihisha.

Kwa hiyo mpaka leo kuna watoto wanamsema Erasmus, wanapata maksi.

Mie nililia. Mtani halii kwa mtani wake, ni mwiko, watu wa kwetu mtanisema. Nililia pale pale mbele ya Mhehe.

Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Hakutamka neno zima hata moja. Nilikwenda kila siku, nakaa, nazungumza mie peke yangu. Zile bahasha zilizobaki nilizipeleka posta mwenyewe.

Nawaambia wajukuu zangu, na nyie msionijua mnaosoma huko mliko. Mimi nilisubiri kuitwa. Mwenzangu alisubiri niingie. Miezi saba, wazee wawili, hatua arobaini, na mlango hauna hata komeo. Tungepata jioni mia mbili za kuongea. Nilizila mwenyewe, kwa kiburi, nikidhani nakula heshima. Ukimuona mtu wako yuko kimya, usikae ukatafsiri ukimya wake. Nenda kamuulize angali ana ulimi.

Basi turudi siku ile ya kwanza nilipoingia: kwenye saa saba mchana, Sesilia akaleta sufuria la ugali na bakuli la maharage yenye nazi, na samaki kidogo. Akatandika mkeka.

Clara akamwambia babake ale. Akafunga mdomo. Kumbe tangu jana alikuwa anakataa kula, kijiko kikija anageuza uso.

"Ndivyo hivi," Clara akanong'ona. "Hataki."

Mie nilikuwa bado nimesimama karibu na mlango, kofia mkononi, natafuta namna ya kuaga. Nikamsogelea nimpe mkono. Akaudaka kwa ule wa kushoto, wenye uhai, akanivuta chini. Nguvu yenyewe haikuwepo. Lakini alivuta.

Nikakaa.

Sesilia akaleta maji tukanawa. Nikakata tonge dogo, nikachovya kwenye nazi, nikalipeleka mdomoni kwake.

Akalipokea.

Clara akakaa. Wajukuu wakakaa. Sesilia akapakua ugali wa mwisho, akaweka mwiko chini, naye akakaa, tukala.